Astilbe za Mdogo Wangu

Kila alasiri, jua likianza kuegemea upande wa Walikale, mke wangu huchukua kigoda chake na beseni la maharage ya kupukuchua, akashuka kwa mdogo wangu. Haniagi. Kutoka barazani kwangu naiona njia yote, na naona anapoketi: chini ya mianzi, kando ya ukuta wa udongo, katikati ya maua ambayo mdogo wangu huyaita astilbe. Kisha nasikia kicheko. Kicheko cha mke wangu nakijua kati ya vicheko vyote vya kilima hiki, na nyumbani kwangu nilikuwa nimekisahau.

Baba yetu alipotugawia shamba hapa juu ya Burungu, mimi kama mkubwa nilichagua kwanza. Nilichukua mgongo wa kilima, penye jua, udongo mwekundu unaozaa maharage bila kubembelezwa. Mdogo wangu akabaki na shimo la chini, kwenye kijito, mahali penye kivuli tangu asubuhi na ubaridi unaooza mbegu. Nilimcheka. Nilimwambia atalima vyura. Kisha nikakata miti yote iliyosimama upande wangu, ikawa mbao na makaa, ili jua lisipate kizuizi.

Mke wangu alizaliwa Kashebere, ambako msitu unakuja hadi mlangoni na watoto wanakua hawajui jua la utosini. Nilipomleta hapa alisimama uani, akatazama huku na huku, akasema, "Hapa muntu anakaa kama nguo kwa kamba." Nilidhani anatania. Nilimwonyesha matuta yangu.

Astilbe zilikuja baadaye, tukiwa wazee tayari. Mdogo wangu alikuwa ameitwa kwa masista kutengeneza ua wa bustani yao, na wakampa shina la mizizi ndani ya kopo la maziwa. Alilipanda pale kwenye shimo ambapo hakuna kilichokubali kuota. Mvua zilipokolea, yakatoka majani yaliyochanikachanika, mabichi sana, na juu yake mashungi marefu ya rangi ya waridi, laini, kama moshi uliokatazwa kupanda. Kiangazi majani yalikauka, nikasema moyoni, basi, yamekwisha. Mvua zikarudi, nayo yakarudi, mengi kuliko mwanzo. Kila mwaka aligawa mashina kwa panga na kuyasogeza mbele, mpaka ukuta mzima ukawaka.

Watu wa njiani wakaanza kusimama. Kwangu walikuwa wakipita tu, na maharage yangu yamesimama kama askari. Akina mama wa kanisa walishuka kuomba maua ya altare. Siku ya Pasaka nilipiga magoti mbele ya mashungi ya mdogo wangu, nikasali huku nikiyatazama, na sala ile haikuwa nzuri.

Lakini kanisa ningelivumilia. Kilichonichoma ni kigoda cha mke wangu. Nilijiambia: nikipata maua yale, atakaa hapa.

Sikutaka kuomba. Nilishuka na kilo kadhaa za mbegu ya maharage, nikamwambia mdogo wangu tubadilishane. Alicheka, akaweka mbegu ndani, akachukua panga, akagawa mashina mazuri kabisa na kuyapanga ndani ya beseni pamoja na udongo wake mweusi.

"Kaka, usiiweke kwa jua," alisema. "Inapenda kivuli na maji kwa miguu. Jua kidogo ya asubuhi, basi. Njo vile iko." Kwetu njo ni ndiyo.

"Mimi nimelima kabla yako," nilimjibu.

"Njo kweli, kaka. Umelima."

Njiani kupanda nilikuwa nimekwisha kumwelewa vibaya. Nilisema: hataki maua yangu yaonekane. Anataka niyafiche mahali pa giza ili watu waendelee kusimama kwake. Basi nikayapanda mbele ya nyumba, kando ya barabara, kwenye tuta refu lililonyooka. Nikayatunza kama nijuavyo kutunza. Kila asubuhi nilipita na jembe, nikang'oa kila jani lisilo lake, nikaacha udongo uchi na safi. Nikayainulia udongo shingoni, kama tunavyoinulia maharage yasianguke.

Majani yakaanza kukunjamana pembeni. Kisha yakawa kahawia, kama tumbaku. Nilimwaga maji jioni, asubuhi udongo ulikuwa umepasuka. Mdogo wangu alipita, akasimama, akatazama. Kisha akaendelea na njia yake. Afadhali angecheka. Usiku nilifikiri amenipa mashina yaliyochoka, mazuri akajiwekea. Mtu mwenye wivu hakosi ushahidi.

Nilitafuta miti ya mianzi na turubai la zamani, nikajenga kibanda juu ya tuta. Jirani mmoja akasimama barabarani na baiskeli yake ya ndizi.

"Papa, unafungua nganda?" aliuliza. Nganda ni kwetu mahali pa kunywea pombe, na papa ni baba.

"Ninafunika maua."

"Aa. Basi ukianza kuuza bia, unieleze mimi wa kwanza."

Chini ya turubai kulikuwa na joto kuliko nje. Shina la mwisho likafa. Jioni ile mke wangu alipopanda kutoka kwa mdogo wangu, na beseni limejaa maharage yaliyopukuchuliwa, alinikuta nimekaa karibu na tuta.

"Nilitaka upate maua yako hapa," nilimwambia. "Ukae kwako. Usiende kila siku kuangalia ya wengine."

Alitazama tuta. Kisha akaweka beseni chini.

"Papa, kuya."

Akanipitisha kando ya nyumba, akaniingiza nyuma ya jikoni. Lazima niseme kwamba sikuwa nimefika pale kwa miaka mingi. Kwetu mwanamume hakai nyuma ya jikoni. Ni mahali pa wanawake, pa kutwanga sombe, majani ya muhogo, na kuoshea sufuria. Ukiwa na njaa unaita ukiwa mbele, na chakula kinakuja. Ile nyumba niliijenga kwa mikono yangu, lakini upande wake mmoja nilikuwa siujui.

Ukuta wa jikoni ulitia kivuli. Maji ya vyombo yalikuwa yamechimba mfereji mdogo, na kando ya mfereji yalisimama mateke, yaani majimbi, yenye majani mapana kama masinia. Na katikati ya mateke, juu kuliko kiuno changu, yalikuwa mashungi ya waridi. Mengine yalikuwa meupe, rangi ambayo hata kwa mdogo wangu sijaiona. Chini hakukuwa na udongo uchi. Kulikuwa na majani makavu ya migomba, maganda ya maharage, na unyevu.

"Tangu lini?"

"Tangu ndoa ya mutoto wetu wa mwisho. Shemeji, mudogo yako, alinipatia kidogo, nikaweka hapa. Ile nyeupe masista njo walinipa."

Nilibaki nimeshika jani la teke kama mtu anayeshika mkono wa mgeni. Wivu wangu haukujua uende wapi. Nilikuwa nimemwonea mdogo wangu wivu kwa kitu kilichokuwa nyuma ya ukuta wangu mwenyewe.

"Basi kama unayo hapa," nilisema, "kule unafuata nini?"

Alikuwa ameinama, anaokota ganda.

"Kule banaongea na mimi."

Hakusema kwa hasira. Aliingia jikoni kuwasha moto.

Kesho yake, saa yake ya kushuka ilipokaribia, nilibeba kiti changu kutoka barazani nikakipeleka nyuma ya jikoni. Nikachukua maharage, nikaanza kupukuchua. Shemeji yangu, mke wa mdogo wangu, alikuja kuazima chekecheo, akanikuta. Alishika mdomo.

"Shemeji, leo umekuwa mama? Nikutafutie kitenge?"

"Tafuta chenye maua," nilimjibu, na masikio yangu yalikuwa ya moto.

Alishuka akicheka njia nzima, na nilijua kilima chote kitasikia kabla ya giza. Mke wangu alitoka na kigoda chake mkononi. Akasimama mlangoni. Nilitafuta neno, na miaka yote hii sikuwa nimeweka akiba ya maneno. Nilimuuliza kitu cha kwanza kilichonijia: miti iliyokuwa mbele ya nyumba yao kule Kashebere ilikuwa ya namna gani.

"Unauliza leo?"

"Ninauliza leo."

Alihamishia kigoda mkono wa pili. Kule chini nilimsikia mdogo wangu akikohoa, na shemeji akianza kumsimulia. Niliwaza kwamba sasa mke wangu atashuka, na kwamba nitamwona kutoka hapa kwa shida, kwa sababu ukiwa nyuma ya jikoni njia haionekani vizuri.

"Papa, sogea," alisema. "Unakanyaga machipukizi."

Nilisogeza kiti. Akaweka kigoda chake pale miguu yangu ilipokuwa, akavuta beseni karibu, na akaanza na mti mkubwa uliokuwa mlangoni kwa mama yake.