Wifi Ananisikiliza Nikisali, Kisha Ananiandika

Admin, nifichie jina langu, wanaonifahamu wamo humu. Mimi ni mwanamke wa miaka 34, Mhehe wa Kilolo, nimeolewa na Mnyakyusa na tunaishi Uyole, Mbeya. Tunaye mama mkwe aliyepooza upande mmoja, pamoja na wifi yangu, ambaye anaandika simulizi na kuzirusha kila jioni kwenye magrupu ya WhatsApp. Ana wasomaji wengi, hata akina mama wa kwaya yetu wanamfuatilia.

Mimi nimezoea kusali kwa sauti alfajiri, kwenye jiko la nje, huku nikichochea moto wa maji ya kumwogesha mama. Nasali Kihehe, ndivyo nilivyolelewa, na nilijua hapa nyumbani hakuna anayekielewa. Siku moja nilichoka sana, nikamwambia Mungu, "Baba, kama ni kumchukua mama, mchukue apumzike, na mimi nipumzike." Nikalia, nikanawa uso, nikaenda kumwogesha vizuri tu.

Jioni hiyo kwenye simulizi akatokea mwanamke anaitwa Semeni, mke mwenye roho mbaya. Anamwogesha mkwewe huku moyoni anasema, "Mchukue, na mimi nipumzike." Maneno yangu yaleyale. Watu wakamtukana Semeni mpaka simu ikanitetemeka mkononi. Yaani nimezaliwa upya kwenye hadithi ya mtu, na nimezaliwa shetani. Wifi mwenyewe humo ni Neema, binti mpole anayemlinda mama yake.

Tangu hapo kila nilichosali kikawa mawazo ya Semeni, na watu wakaanza kunitambua. Mama akasomewa, akaacha kula chakula changu. Mume wangu akaniita pembeni.

"Mama Upendo, kwa sasa chakula cha mama atapika dada."

"Nimekosa nini, baba Upendo?"

"Hujakosa. Ila watu wanasema."

Ndipo nikakumbuka kwamba wifi alisoma sekondari ya bweni kulekule Kilolo, na dirisha la chumba chake linatazama jiko. Nikaamua kumpima. Alfajiri nikasali, "Baba, nisamehe kile nilichofukia chini ya mgomba." Sijafukia hata punje ya mahindi. Mchana narudi kutoka sokoni namkuta na jembe, jasho linamtoka, migomba yangu mitatu iko chini.

"Wifi, unatafuta nini?"

"Napunguza machipukizi tu, wifi."

Nikampa pole na kazi, nikaingia ndani nikacheka peke yangu mpaka mbavu zikauma. Hakukuta kitu, lakini jioni Semeni alikuwa na hirizi chini ya mgomba. Nikajua kwamba lolote nitakalosali ataliamini.

Sasa Jumamosi hii wanakuja washenga kutoka Nyololo kumposa wifi. Mchumba wake anafanya biashara ya mbao, kijana mstaarabu, hajanikosea chochote. Mimi nikisali tu, "Baba, nizuie nisimwambie wifi habari za yule mke wa Nyololo," imekwisha. Huyo mke hayupo. Lakini wifi atachimba kama alivyochimba migomba yangu, na atamuumbua kijana wa watu mbele ya wasomaji kabla hajamuuliza.

Mtasema nimwambie mume wangu. Nilimwambia, akajibu kwamba dada yake hajui Kihehe, niache wivu. Mtasema nisamehe. Sitaki, nasema ukweli. Nataka alie kama nilivyolia siku mama alipofunga mdomo mbele ya kijiko changu. Kinachonishika ni yule kijana, na kingine ni hiki: nikiyasema hayo maneno nitakuwa Semeni kweli, na wifi atakuwa hajawahi kunisingizia.

Kesho alfajiri nitachochea moto kama kawaida, naye atakuwa dirishani. Nishaurini ndugu zangu, nisali nini?