Usiku wa Saa Nane Mchana

Tekla hakuwa mwanamke wa kuambiwa acha akaacha. Alizaliwa Mchombe, akasoma kwa masista mpaka darasa la nne, akaolewa Ifakara na Evaristo, mvushaji wa pantoni kule Kivukoni. Mama mkwe alimkataza kusoma akiwa mjamzito, eti mtoto atazaliwa na macho mekundu. Alisoma, na Fridolin wake akazaliwa na macho meupe pe. Watu wakasema ana kichwa kigumu. Yeye akasema ashukuriwe Mungu, laini kingempeleka wapi?

Mwaka wa hamsini na sita alipewa kazi ya kutunza chumba cha kusomea karibu na soko. Kilikuwa chumba cha udongo na bati, chenye benchi chache na sanduku la vitabu lililoletwa kwa lori. Wasomaji walikuwa wa kuokoteza, na mmoja wao alikuja kulala tu.

Mwenyekiti wa kamati ya chumba, Bwana Severini, mtu wa suruali ya kaki iliyopigwa pasi ikasimama, hakupendezwa na hali hiyo.

"Mama Fridolin, mpunga unakaribia kuvunwa na magunia hayana pa kulala," alimwambia. "Jumamosi alasiri nitapita hapa. Nikikuta benchi tupu, Jumatatu vitabu vinatoka."

"Na nikizijaza?"

"Ukizijaza sina neno."

"Nitazijaza na watoto. Wale wadogo, ambao shule bado haijawataka."

Severini alicheka mpaka akafuta macho. "Hao? Hao kitabu wanakishika kichwa chini."

Kicheko kile kilimkera Tekla. Yeye mwenyewe alikutana na kitabu mara ya kwanza akiwa msichana mkubwa, akakishika kichwa chini, na darasa zima likamcheka. Aibu ile aliijua mpaka ladha yake. Kama angepoteza chumba hiki, watoto wa mtaa wangeingia shule kama alivyoingia yeye, wakachekwa. Hilo hakulitaka, na asilolitaka Tekla, ninyi wenyewe mmeshamsikia.

Ndani ya sanduku mlikuwa na kitabu kimoja cha picha, cha kiboko aliyewaalika wanyama wote kula ubwabwa. Tekla akaamua kufanya karamu ileile ya kitabuni. Kila mtoto aje kama mnyama mmoja wa mle: sungura kwa masikio ya magome ya mgomba, sheshe, yule swala wa bondeni, kwa pembe za mabua, kobe kwa ungo mgongoni. Ubwabwa ataupika yeye. Akapita nyumba kwa nyumba akitangaza: "Jumamosi saa nane mchana, leteni watoto, kuna hadithi na ubwabwa."

Wanawake walimwitikia vizuri mno. Mpaka Alhamisi hakuna hata mmoja aliyebandua gome la mgomba.

Waridi, mke wa Tamimu mwenye duka, ndiye aliyemfungua macho. "Dada, mimi mgeni na mila zenu, sisemi kitu. Lakini wenzako wanasema unataka kuwapoteza."

Tekla akajipiga paji la uso. Hadithi mchana! Miaka yote ile kwa masista ilikuwa imemsahaulisha jambo ambalo kila mtoto wa bondeni analijua: hadithi ni ya usiku. Mtoto akisimuliwa jua likiwaka, mama yake atapotea njiani asirudi. Ni mama gani angemvalisha mwanawe masikio ya sungura ili yeye mwenyewe apotee?

Akaenda moja kwa moja kwa Bibi Kandida, mkunga aliyezalisha nusu ya mtaa, kwa maana neno lake ndilo lililokuwa limewafungia watoto ndani. Alimkuta akipepeta mchele.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Ulilolifuata nalijua, na sitaki."

"Usiku siwezi. Jua likizama chumba kinafungwa, na kamati haitaki taa karibu na vitabu."

"Basi hakuna hadithi."

"Bibi, niambie kweli. Hadithi inakataa nini? Inakataa saa nane, au inakataa jua?"

Ungo ukasimama. Bibi Kandida alilipima swali, maana alikuwa mtu wa haki hata akiwa amekasirika. "Hadithi inajua saa ya wapi? Inataka kuwe kumekuchwa, basi."

"Na jua nikilizamisha mimi?"

"Una wazimu, mjukuu wangu."

"Wa kutosha kabisa."

Ijumaa Tekla aliazima kaniki, zile nguo nyeusi ambazo kila mwanamke wa Ifakara alikuwa nazo. Waridi alitoa jora zima dukani. "Usizitoboe kwa misumari," alionya, "Tamimu atanitoboa mimi." Tekla akazining'iniza madirishani kwa kamba, mbili mbili, akaziba nyufa kwa matope na mlango akautundikia mkeka kwa ndani. Jasho lilimtoka. Kila alipochoka alimkumbuka Severini akifuta macho, akapanda tena juu ya benchi.

Jumamosi Bibi Kandida alikuja kukagua. Akina mama walisimama nje na watoto wao, ambao walikuwa bado watoto tu, masikio na pembe vimefichwa kwenye vikapu. Bibi akaingia, mlango ukafungwa. Akanyoosha mkono mbele ya uso wake. Akausogeza mpaka ukagusa pua.

"Vidole vyangu sivioni," akasema bibi. Akatoa kichwa nje. "Humu kumekuchwa. Leteni watoto."

Loo, waliingiaje! Masungura, masheshe, kobe wawili waliokwama mlangoni kwa sababu ya ungo. Tekla akafungua kitabu na kuilegeza kaniki moja kidogo tu, mstari mwembamba wa mwanga ukaangukia ukurasa.

"Mwezi huo," akawaambia, na wote wakauamini.

Kiboko alikuwa ndiyo kwanza anapakua ubwabwa pale mlango uliposukumwa. Jua likamwagika ndani.

"Kumekucha!" watoto walilia kwa pamoja, na wengine wakaziba masikio ili wasisikie hadithi.

Severini alisimama pale akipepesa macho yaliyojaa jua la nje. "Mama Fridolin, ni upuuzi gani huu? Giza hivi nitaonaje kama benchi zimejaa?"

"Severini," ilisema sauti ya Bibi Kandida, aliyempokea yeye pia alipozaliwa, "mama yako yuko wapi sasa hivi?"

"Ametoka Mchombe asubuhi. Yuko njiani."

"Nawe umelifungulia jua mlango, hadithi iko katikati."

Mwenyekiti aliufunga mlango upesi, na kwa woga akajifungia humohumo. Akapapasa gizani kutafuta pa kukaa, mkono ukagusa pembe ya bua.

"Hapa pana mtu," sheshe akamwambia.

Akasogea benchi ya pili.

"Hapa pana mtu."

Akazunguka chumba kizima, akijikwaa, na kila alipoinama sauti ndogo ilimwambia pana mtu. Tekla alimwacha amalize benchi zote. Furaha ilimjaa, wala hakujaribu kuificha katika sauti yake.

"Keti sakafuni, Bwana Mwenyekiti," alisema. "Nafasi zimejaa."

Severini akaketi chini na suruali yake ya pasi, na Tekla akaendelea kusoma.