Plasta za Mke, Mgongo wa Mume

Mkataji alikuwa mwenye meza ya kukatia katika kiwanda cha sare, mpaka mwili wake ulipoamua kuwa tanuri. Joto lilimpanda kifuani hadi utosini, jasho likadondokea kitambaa, na usingizi ukamhama. Siku alipokata rundo zima la mikono ya mashati, yote ya kushoto, msimamizi kwa huruma zake akamhamishia kwenye vifungo. Asipokaa sawa kabla ya oda za kufungua shule, alisema, meza anapewa mwingine.

Ushauri haukuwa haba. Wifi yake alimwambia ni umri tu, avumilie kama alivyovumilia yeye. Majirani waliukumbuka vizuri uvumilivu wa wifi. Walikuwa wakikwepa sufuria zake. Daktari wa kwanza alimpa dawa ya malaria bila hata kumpima. Wa pili, mama mwenye miwani, alifanya kioja: alimsikiliza. Akampima presha, akauliza habari za saratani ya matiti na damu kuganda, na hedhi ilikoma lini. Kisha akamwandikia plasta za homoni za kubandika chini ya kitovu mara mbili kwa wiki, na vidonge vya usiku vya kulinda kizazi.

Usingizi ukarudi. Halafu plasta zikaisha kabla ya wakati wake, na joto likarudi kwa fujo.

Wakati huohuo mumewe, bingwa wa kujua kila kitu, alikuwa akiusifia mgongo wake. Umepona kabisa, sasa anainama kama kijana.

"Umepaka nini, baba watoto?"

"Sijapaka, nimebandika. Dawa nzuri hivi, mama watoto, unanificha?"

"Zile ni homoni za kike, mume wangu."

Bwana akakimbilia chumbani, mbio ambazo mgongo ulizikubali bila kinyongo. Aliporudi aliuliza, kwa sauti ya chini sana, kama ataota matiti.

"Tutamuuliza daktari. Twende wote, umweleze mwenyewe plasta zangu zilikokwenda."

Akaeleza, macho sakafuni. Daktari akamhakikishia kwamba kifua chake kiko salama, akaandika plasta nyingine, akashauri zifungiwe kabatini.

Oda za shule zilipoingia, Mkataji alikata rundo la kwanza bila kosa. Msimamizi akamrudishia meza, akamsifu mbele ya wote kwa uvumilivu wake.

"Sikuvumilia, bosi," akasema, akitandaza kitambaa. "Nilitibiwa."