Picha Mbili za Vichwa Vyetu

Mdogo wangu alianza kusikia watu wasioonekana mwaka uleule alipopunguzwa kazini, yeye na wenzake wengi, kiwanda kilipopata mmiliki mpya. Nyumbani kwetu Makutupora kila mtu alikuwa na maelezo yake. Mama alisema ni mawazo. Baba alisema ni bangi, ingawa kijana hakuwahi kuvuta hata sigara. Hospitali walisema ni skizofrenia, wakampa vidonge, na baada ya miezi michache wale watu wakanyamaza. Mimi nilikuwa mpiga chapa katika ofisi moja ya serikali pale Dodoma mjini, nimesoma kidogo kuliko nilivyojidai, na kwa sababu hiyo nikafanywa msemaji wa familia mbele ya madaktari.

Siku moja kliniki tukamkuta daktari mtafiti, kijana wa hapahapa nchini aliyekuwa akisomea Ulaya. Alitaka wagonjwa vijana, na kwa kila mgonjwa alitaka ndugu mmoja wa tumbo moja ambaye hajaugua, awapige picha za ubongo na kuzilinganisha. Alisema wanatafuta kama ubongo unatoa dalili kabla mtu hajaanza kuumwa, ili siku moja walio hatarini wajulikane mapema. Alipofika kwenye neno "hatarini" alinitazama mimi. Nilimchukia papo hapo, kisha nikakubali.

Nilikuwa na sababu yangu. Nilikuwa nimechumbiwa na mwalimu wa Haneti, na kwao, kama kwetu, binti haolewi kabla ukoo wake haujachunguzwa. Kuna kifafa? Kuna ukoma? Kuna wazimu? Washenga walikuwa wamekwisha kutuma salamu kwamba wanakuja. Nikajiambia kama kuna kitu kichwani mwangu, heri nikijue kabla yao.

Mashine ilikuwa Dar es Salaam. Ukilazwa pale unaambiwa usitikisike. Mikono ya mdogo wangu ilikuwa ikitetemeka kwa sababu ya dawa, lakini kichwa chake hakikusogea hata kidogo. Mimi, mzima, ndiye niliyerudiwa mara mbili.

Daktari alizitundika picha zetu kwenye kisanduku chenye taa, mbili mbili, nikaingia ofisini mwake peke yangu kuzitazama.

"Hakuna uvimbe, hakuna jeraha," alisema.

"Ya mgonjwa ni ipi?"

"Kwa macho tu siwezi kukwambia, dada. Tofauti tunazozitafuta ni ndogo mno, zinajitokeza tukipima watu wengi kwa pamoja. Picha ya mtu mmoja haituambii kama anaumwa au haumwi. Kwa hiyo ndugu yako asiache dawa. Asiache hata siku moja, umenielewa?"

"Na mimi?"

"Wewe pia, picha hii haikuhakikishii chochote."

Akanipa nakala zetu ndani ya bahasha kubwa. Nilitoka nikiwa nimeambiwa kila kitu kwa Kiswahili kinachoeleweka. Nalisema hili mapema ili nisije nikajitetea mbele ya safari.

Baba alizipokea zile picha kwa mikono miwili. Lazima mwelewe jambo moja kuhusu baba yangu. Miaka ya nyuma aliwahi kuugua kifua kikuu. Alimeza dawa miezi mingi, kisha akapigwa picha ya kifua, ikatoka safi, akaambiwa basi, umepona, acha dawa. Kwake yeye na kwa majirani zake wote, picha ya hospitali ndiyo ilikuwa hukumu. Akaziinua kwenye mwanga wa dirisha, akauliza wamesema nini. Nikasema hawakuona uvimbe wala jeraha.

"Safi?"

"Safi, baba."

Niliishia hapo. Angenisikiliza kama ningeendelea, maana alikuwa bado ananitazama. Lakini dawa zilimfanya mdogo wangu atetemeke na kudondosha mate, na mshenga yeyote angemwona mara moja.

Baba akakusanya vidonge vyote, akavifunga kwenye mfuko, akaviweka juu ya kabati. "Hivi ndivyo vinavyomtia ugonjwa," alisema. Mama alinitazama mimi mwenye kusoma. Nikaanza kuosha vyombo.

Jioni ile mdogo wangu alinifuata jikoni. "Dada, wewe ndiye uliyeongea na daktari. Niache?"

"Picha imetoka safi," nikasema. "Si umemsikia baba?"

Akatikisa kichwa polepole, akarudi nje.

Mungu anisamehe, wiki mbili zilizofuata zilikuwa nzuri. Mikono ilitulia. Uso wake ukapata uhai, akaanza kututania, akanicheka nilivyokuwa nikifagia ua mara tatu kwa siku kwa kuwasubiri wakwe. Hata mimi nilianza kuamini. Usiku wa kuamkia ugeni tu ndipo nilipogundua kwamba mdogo wangu hapati usingizi.

Walikuja watatu: mshenga na wazee wawili, mmoja wao shangazi wa mchumba wangu, mwanamke mwembamba mwenye macho yasiyopumzika. "Mbukwenyi," wakatusalimu, tukaitikia, tukawapa ugali wa uwele na mlenda. Baada ya kunawa, shangazi hakuzunguka.

"Tumesikia hapa kuna kijana alilazwa mjini."

Baba akaleta bahasha kwa madaha. Shangazi akazichukua picha mbili, akatoka nazo uani, akaziinua juani, moja mkono huu, nyingine mkono ule.

"Ya mgonjwa ipi?"

"Hapa hakuna mgonjwa," alisema baba.

Akazitazama muda mrefu. Kisha akainua ile iliyokuwa yangu. "Kama yupo, ni huyu."

Wote wakacheka kwa ahueni, baba kuliko wote. Mdogo wangu naye alicheka. Halafu nikamwona akigeuza shingo kuelekea paa la jikoni, polepole, kama mtu aliyeitwa jina. Midomo yake ikasogea. Hakuna mwingine aliyeona. Nilikuwa nimeshika birika la chai, na ningeweza kuliweka chini na kusema, ampeni dawa zake sasa hivi. Nikamjazia shangazi kikombe.

"Kijana, unaonaje dada yako akija kwetu?" mshenga alimuuliza.

Aligeuka, akamtazama machoni. "Shikamoo mzee. Mimi nitafurahi sana," alisema, sauti imenyooka.

Wakaridhika. Niliolewa kabla ya mvua.

Haukupita mwezi baada ya harusi, nikaitwa. Mdogo wangu alikuwa amejifungia katika stoo ya shamba la zabibu siku tatu, hali, hanywi, akisema chakula kimetiwa sumu. Wanaume wanne ndio waliomtoa, na baba alikuwa mmoja wao. Safari hii dawa zilichelewa kufanya kazi, na hazikumrudisha mpaka pale alipokuwa kwanza. Hadi leo hajafika pale.

Nilikwenda kumwona wodini nikiwa na khanga mpya na uongo niliouandaa njiani. Alikuwa ameketi kitandani, mikono ikitetemeka tena.

"Mdogo wangu," nilianza, "sote tulidhani ile picha..."

"Nilijua dawa haziachwi," alisema. "Manesi walituambia kila tulipokwenda kliniki. Nilikuja kukuuliza ili nione kama utanikataza."

Yeye hakuonekana kuwa na hasira. Hilo ndilo nisilolisahau. Akaniuliza kama mume wangu ni mtu mwema. Nikasema ni mwema sana.

"Basi vizuri," akasema, akasogea ili nipate pa kukaa.