Siku Mashine Ilipokataa Herufi M

Enzi zetu kule Butembo, kompyuta haikuwa ya mtu, ilikuwa ya nyumba. Yetu ilikaa sebuleni chini ya kitambaa cha kufuma, na hukuigusa kama vidole vilikuwa na mafuta ya mandazi. Watoto wa leo wanalala na simu chini ya mto. Sisi tuliomba ruhusa hata ya kuifunua.

Dada yetu mkubwa, Masika, alikuwa ameandika humo kazi yake yote ya kumaliza chuo. Asubuhi ya kuipeleka, mashine iligoma kuwaka. Ilibaki na kioo cheusi chenye mistari michache ya maandishi, ikingoja amri. Kaka yetu Kambale alikuwa amejifanya fundi: aliihamisha faili ya kuwashia na kuipa jina jipya, eti mashine iwe nyepesi. Baba, aliyeuza vitunguu kutoka Alimbongo, hakupiga kelele.

"Masika, kama travail yako ya chuo haiingie leo, mwaka ujao ni Kambale atasoma. We utabakia ku duka."

Tulijua hatanii. Nyumbani kwetu chuo kilikuwa kwa zamu.

Kambale alilijua neno la kuirudishia faili mahali pake na jina lake: mv. Ila kila alipobonyeza m, kioo kiliandika nukta mkato. Akabonyeza kwa nguvu zaidi, ikawa vilevile. Mama akachungulia kutoka jikoni, mikono imejaa unga wa muhogo.

"Balishairoga?"

Masika akamsukuma Kambale kando, macho mekundu, akaanza kujaribu vitufe kimoja kimoja. Cha virgule, yaani mkato, kikatoa m. Cha q kikatoa a.

"Hapana ulozi, mama. Haiyaamuka bado, donc haijue clavier yetu ya Kifaransa. Iko inasoma ya Bangereza."

Kwenye kibodi ya Kiingereza herufi kadhaa hukaa mahali tofauti, basi akaandika amri yote hivyo, akibonyeza herufi moja ili apate nyingine. Faili ikarudi, mashine ikawaka, na Mama akalia palepale, akijipaka unga usoni. Hata mimi niliyekuwa mdogo nilikuwa nimeogopa sana.

Tulimsindikiza wote hadi chuoni. Baba alitangulia, karatasi zilizochapwa zikiwa ndani ya koti lake, manyunyu yasiziguse. Masika alifaulu, na sasa anafundisha mjini Beni, katika kata ya Beu.

Vijana wa sasa mashine ikikwama wanaguna tu, wanachukua nyingine. Kazi zao ziko mtandaoni, na sitamani waipate hofu ile. Lakini juzi mdogo wetu Kavira alimaliza kazi yake ya chuo, akaituma akiwa kitandani. Mimi nilikuwa chumba cha pili. Alinijulisha kwa ujumbe, nikamjibu kwa picha ya kidole gumba. Halafu nikasikia uchungu, maana katika nyumba nzima hakuna hata mmoja aliyevaa viatu amsindikize.