Ndama wa Baharini

Ukame ulipomaliza ng'ombe wa baba, nilimtoa kijijini kwetu Shinyanga nikaja naye Geita, kwenye vyumba vyangu viwili vya kupanga pale Kalangalala. Alikaa kwenye kiti cha plastiki kama mgeni aliyekosa usafiri. Kila asubuhi nikimwamkia, baada ya marahaba lilifuata swali lile lile: basi la Shinyanga linaondoka saa ngapi? Nami, kwa hasira zangu za karibu, nilimuuliza anarudi kuchunga nini wakati zizi ni tupu. Nikishasema, najuta siku nzima.

Kazi yangu ilikuwa ngumu kumweleza. Majirani wanatafuta dhahabu ardhini. Mimi natafuta nyangumi kwenye kompyuta. Ndege ndogo hupita juu ya bahari ya mbali, huko majike wanakokwenda kuzaa, na picha zake hutumwa kwangu nitambue nani ni nani kwa mabaka ya kichwani. Wamebaki wachache mno, kwa hiyo kila ndama ni sherehe.

Siku moja baba alisogeza kiti.

"Huyu mwenye baka juu ya jicho tulimwona juzi," alisema.

Nilicheka, kisha nikatafuta. Alikuwa yule yule. Ila juzi alikuwa na ndama, na leo alikuwa peke yake. Ripoti ilitakiwa mchana huo. Nilianza kuandika kwamba ndama hayupo, huku nikiombea baba asiulize. Ndama waliokufa aliowaona walimtosha.

"Unaandika nini?"

Nikamwambia.

"Subiri, ng'wanone, mwanangu. Ng'ombe aliyepoteza ndama hatulii hivi. Huyu ananyonyesha."

"Baba, baharini hakuna majani ya kumficha ndama."

"Nionyeshe nyingine."

Nilifungua picha zilizofuata moja moja, kumridhisha tu mzee. Kwenye ya nne, chini ya tumbo la mama, palikuwa na kitu cheupe-cheupe, kama ukungu. Kwenye ya tano, kikatoa kichwa.

Baba alicheka. Sikuwa nimesikia kicheko kile tangu ng'ombe wa mwisho aanguke. Nilifuta nilichoandika, nikalia mbele yake bila kuona haya.

Kesho yake nilimwamkia, nikasubiri swali la basi.

"Marahaba." Alikuwa ameshavaa kofia, amekaa kwenye kiti chake mbele ya kompyuta, fimbo ya kuchungia magotini. "Leo tunachunga saa ngapi?"