Kofia Iliyochorwa kwa Kipanya

Mimi si mtu wa kushangaa ovyo. Nimezaliwa Temeke, nimekulia Temeke, na tangu utotoni nimezoea kuona watu wamejazana mahali, unajipenyeza mpaka mbele, unakuta ni majirani wawili wanagombania zamu ya maji. Kwa hiyo ninaposema kwamba iko mashine iliyonishangaza mpaka nikacheka peke yangu, naomba niaminiwe.

Ilikuwa miaka ile ya kila kitu ruksa, bidhaa zinamiminika bandarini, na mimi nilikuwa mpiga chapa katika ofisi ndogo ya kutoa mizigo kule Kurasini. Dirishani ilikuwa makontena na malori, kutwa. Ndani tulikuwa na chumba cha kompyuta, chenye zulia, pazia zito na kiyoyozi, na hakuna aliyeingia na viatu. Hata bosi wetu alivivua mlangoni. Nani alianzisha utaratibu huo sijui, lakini kila ofisi niliyoijua ilikuwa hivyo hivyo, na mimi niliulinda kwa ukali kuliko wote. Vumbi lilikuwa adui yangu binafsi.

Kompyuta yetu ya kwanza ilikuwa na kioo cheusi na maandishi ya kijani. Unaiwasha, inakuonyesha kijistari kinachopepesa, basi, inakungoja. Haikufanya lolote mpaka uipe amri, na amri zenyewe lazima uwe umezikariri. Ukitaka kichwa cha barua kiwe na maandishi mazito, unabonyeza hiki pamoja na kile, na kiooni huoni tofauti yoyote. Utaijua kazi yako karatasi ikishatoka kwenye printa, nayo ilipiga kelele kama cherehani bovu. Ilikuwa kama kupika bila kufunua chungu. Niliiweza, tena nilijivuna. Wapiga chapa wa ofisi za jirani walikuwa wakija kuniuliza, nami nawajibu bila kugeuza shingo.

Siku moja bosi akaja na nyingine. Alikuwa amesafirisha mizigo ya mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao, na mzungu yule akamuuzia kompyuta yake pamoja na printa. Niliitazama nikaguna. Ilikuwa ndogo, rangi ya maziwa ya chai, kioo na mwili wake kitu kimoja, na kibodi yake haikuwa na ule mstari wa vitufe vya juu niliouzoea. Pembeni kulikuwa na kidude cha mviringo chenye mkia wa waya.

"Hicho ndicho kipanya," bosi akasema. "Bila hicho haiendi."

Nikaiwasha. Ikatoa mlio mmoja, mzuri, kama kengele ya mlango wa watu wenye nafasi. Halafu katikati ya kioo kikatokea kikompyuta kidogo kinachotabasamu. Nilikuwa nimefanya kazi na ile nyingine kwa miaka na haijawahi kunitabasamia. Kisha kioo chote kikawa cheupe, na juu yake vikajipanga vipicha: diski, karatasi, na kwenye kona ya chini, pipa la taka.

Nikatafuta pa kuandikia amri. Hapakuwepo. Mimi nikangoja, na yenyewe ikangoja. Nikakumbuka kipanya, nikakiinua hewani, nikakielekeza kwenye kioo kama mtu anayebadilisha stesheni ya televisheni, nikabonyeza. Wapi.

"Kiteremshe mezani," bosi akasema, naye anajizuia kucheka. "Kisukume."

Nikakisukuma, na mshale mdogo kiooni ukaenda. Nikasimama, ukasimama. Nikazungusha mkono polepole, ukazunguka. Ulikuwa ni mkono wangu mwenyewe, umeingia ndani ya kioo. Nikaandika sentensi moja, nikaichagua, nikaomba maandishi mazito, na yakawa mazito palepale, mbele ya macho yangu, kabla karatasi haijaguswa. Nilicheka peke yangu. Zile amri zote nilizokariri hazikuwa na kazi tena, na kwa ajabu sikuumia hata kidogo.

Siku ile ile nikakuta humo ndani programu ya kuchora. Ina penseli, ina kifutio, ina duara. Nikavuta duara moja, likatoka sawasawa, halina pembe wala mkunjo, na ndipo mama yangu akanijia kichwani.

Mama alikuwa mchoraji wa kofia. Nazungumzia kofia zetu za mkono, nyeupe, zenye vitundu vidogo vidogo ambavyo kila kimoja huzungushiwa uzi mpaka kitokeze ua. Washonaji ni wengi, lakini lazima awepo kwanza wa kuchora pambo kwenye kitambaa kwa penseli, na mtaani kwetu mchoraji alikuwa yeye. Alikunja bafta, kile kitambaa cheupe cha pamba, mara nne, akachora robo moja tu, halafu akailaza robo ile juu ya nyingine na kusugua kwa kijiko mpaka alama za penseli zihamie upande wa pili. Maua yake yalikutana katikati bila kupishana. Aliuza mapambo mengi, lakini moja hakuliuza kamwe. Hilo alikuwa amelipokea kwa mama yake, na kila mwanamume wa nyumbani kwetu alioa akiwa amevaa kofia yenye pambo hilo. Halikuwa limeandikwa popote. Lilikuwa kichwani mwake na mikononi mwake.

Sasa macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Hospitali walimwambia apasuliwe, naye kisu cha jichoni hakutaka hata kukisikia. Mdogo wangu wa kiume alipopeleka posa na akakubaliwa, mama alikaa barazani na bafta yake, akakunja, akaanza robo ya kwanza. Mstari ukaenda pembeni. Akafuta, akachora, ukaenda pembeni tena. Alifuta mpaka kitambaa kikawa cheusi. Mwisho akaitia penseli kwenye kikapu cha nyuzi na kusema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Atavaa ya dukani." Kofia za mashine zilikuwa zimejaa madukani miaka hiyo, nzuri tu, zinang'aa. Mimi nilikwenda jikoni nikalia, maana nilijua hakuzungumzia kofia ile moja tu.

Nikamwomba bosi ruhusa ya kumleta mama tulichore pambo lake kwenye ile mashine. Akasema Jumamosi mchana, kazi zikiisha, nimlete.

Mama alifika amevaa kama anayekwenda kuposa. Akavua viatu mlangoni bila kuambiwa, akatoa salamu kwa chumba chote, pamoja na mashine. Bosi akasimama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Huyo mwenyewe yuko wapi?"

Nikampeleka mpaka mezani. Akaipapasa kompyuta kwa viganja, kichwa na mashavu, kisha akafungua mkoba na kutoa kitambaa cha kufuma, cheupe, chenye pindo la maua. Nyumbani kwetu kila kitu cha thamani kilivalishwa: redio, friji, chupa ya chai, hata jagi la maji. Na kwa mtu unayemwendea kwa shida yako huendi mikono mitupu. Akakitandika juu ya kompyuta, akakilaza kwa mkono, pindo likaning'inia kiooni. Kilipendeza kweli. Bosi akasema kimeikaa vizuri, na mimi nikakubali.

Tukaanza. Yeye anasema, mimi nachora. Shida ni kwamba kiooni haoni kitu ila weupe. "Teremka kidogo, halafu piga kona kama unaukimbia ukingo," ananiambia, nami napiga kona, sijui kama ndiyo au siyo, naye hawezi kunisahihisha. Tulienda hivyo muda mrefu, kwa kubahatisha na kuvumiliana, mpaka robo ikakaribia kujaa. Ghafla mshale ukaganda. Kikatokea kisanduku chenye picha ya bomu, utambi wake unawaka.

"Nini?" mama akauliza.

"Bomu, mama."

"Limelipuka?"

Nikaweka mkono juu ya kompyuta. Ilikuwa ya moto kama pasi. Kumbe kichwani ilikuwa na matundu ya kupumulia, na sisi tumeyafunika vizuri kwa kitambaa chetu. Mchoro wote ulikuwa umekwenda. Nilihisi hasira imenipanda mpaka masikioni, na nilikuwa na la kusema, tena kali. Mama akanitangulia.

"Ni kitambaa changu?"

"Ni joto tu."

"Basi tumvue. Mie nimemfunika gubigubi kama mgonjwa." Akakitoa, akakikunja, akakirudisha mkobani. Akakaa na mikono mapajani, uso umeinama. Niliona kwamba ameshaanza kujiandaa kuondoka.

Mashine ilipopoa nikaiwasha tena, kwa ubishi zaidi kuliko matumaini. Nikafungua programu, nikaweka nukta moja ya penseli, na nikawa nabonyeza huku na huku kutafuta njia ya kuufanya mchoro uonekane vizuri. Pahala fulani nikabonyeza kitu, na ile nukta ikakua. Kioo kizima kikawa sehemu ndogo tu ya karatasi, imekuzwa, na nukta yangu imekuwa kiraba cheusi, chenye pande nne sawa, kikubwa kuliko ukucha.

"Hicho cheusi nini?" mama akauliza.

Nikageuka. "Kipi?"

"Hicho hapo. Kama tundu la kofia."

Alikuwa amenyoosha kidole, na kidole kilikuwa penyewe. Nikaweka nukta nyingine, akaionyesha. Nikaweka tatu mstari mmoja, akazihesabu. Ile nuru ya kioo na ule weusi mkubwa vilipenya ukungu wake. Bosi alikuwa ameacha kujifanya anapanga mafaili yake.

"Hebu nipishe," mama akasema.

Nilimpisha. Kiganja chake nikakiweka juu ya kipanya na changu juu ya chake, na mara ya kwanza kipanya kilimkimbia mpaka ukingoni mwa meza. Baadaye akautoa mkono wangu kwa kuutingisha, kama anavyofukuza nzi. Akabonyeza kiraba, kikawa cheusi. Akabonyeza tena, kikawa cheupe. Akarudia mara kadhaa, cheusi, cheupe.

"Kumbe ukikosea unafuta, na kitambaa hakichafuki," akasema taratibu.

Sikumwelekeza tena. Nilikuwa namsogezea karatasi tu anapofika ukingoni mwa kioo. Alichora tundu kwa tundu, midomo inatembea, na mwanga wa jua nyuma ya pazia ukahama kutoka dirisha la kwanza hadi la pili. Sikuwahi kumwona hivyo tangu macho yaanze kumsumbua: amekaa wima, ananuna akikosea, anafuta, anaendelea. Niliogopa hata kukohoa.

Robo ilipokamilika nikaichukua, nikainakili na kuigeuza. Upande wa pili ukatokea. Nikazichukua zote mbili, nikazigeuza chini, na pambo lote likawa pale, duara zima, lile lile nililoliona kichwani mwa baba yangu kila Ijumaa.

"Umefanya nini?" mama akauliza, maana lilikuwa limerudi kwenye udogo wake na kwake limekuwa ukungu tena.

"Nimekunja kitambaa, mama. Mara nne."

Akafikiri. "Yamekutana katikati?"

Nikatazama kwa makini kabla ya kujibu, kwa sababu jibu langu ndilo lililokuwa macho yake. "Yamekutana."

"Subhanallah," akasema, polepole sana.

Tukalichapisha. Nikalihifadhi pia kwenye diski, nikamwambia hiyo ni yake, aende nayo nyumbani. Sasa mashine ile haikuwa na kitufe cha kutolea diski. Kwa maelezo ya yule mzungu, ili itoke lazima ukamate picha yake kiooni uiburute mpaka kwenye pipa la taka. Nilishawahi kufanya hivyo kwa diski tupu, lakini yenye kitu cha mama yangu, mkono ulinigoma.

"Mbona unasita?" mama akauliza.

"Inatolewa kwa kutupwa kwenye pipa la taka."

Akanishika kifundo cha mkono, kwa nguvu. "Taka gani? Wewe, taka gani?"

"Ndiyo njia yake, mama," bosi akasema. "Inaonekana kama unaitupa, lakini inakurudishia."

Mama hakuniachia. Tuliiburuta pamoja, mkono wake juu ya wangu, mpaka kwenye pipa, na pipa likaimeza. Halafu mashine ikanguruma kidogo na kuitema diski, nzima, mpaka vidoleni mwake. Ilikuwa na joto. Akaigeuza, akaipapasa kingo, akainusa.

"Limo humu?"

"Limo."

Akatoa kile kitambaa cha kufuma mkobani, akaifunga humo, na tulipofika nyumbani akaiweka kwenye kikapu cha nyuzi. Penseli akaitoa, akanikabidhi mimi.

Karatasi ile niliibandika kwenye kioo cha dirisha, nikaweka bafta juu yake na kunakili kwa penseli. Mama mdogo akashona duara la juu, majirani wakagawana ukanda wa kuzunguka kichwa, na kazi ikaisha siku chache kabla ya ndoa. Mashine yenyewe ilikufa baadaye, ikaja nyingine yenye rangi, halafu nyingine, na siku hizi sijui pa kuisomea diski ile. Bado imo kwenye kitambaa chake.

Asubuhi ya kuoa, mdogo wangu alitoka chumbani amevaa kanzu na kofia, akaja kumuaga mama. Mama akamwambia ainame. Akaipitisha ncha ya kidole kwenye kofia, tundu kwa tundu, robo ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, akazunguka mpaka katikati, na kidole kikatulia hapo. Watu walikuwa wanangoja nje, mtu mmoja akaita kwamba wanachelewa. Mama hakuondoa mkono.

"Naiona," akasema. "Nenda sasa, mwanangu, watu wanangoja."